Mwalimu, nimepewa jani nikaambiwa ni dhahabu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 21, kwetu ni Tanga, nipo mwaka wa pili wa shahada ya biashara hapa Pune, India. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane wa umri wa bibi yangu. Mtaa mzima unamwita Aji, ndiyo bibi kwa Kimarathi, nami namwita hivyohivyo.

Muhula huu tulitakiwa tuchague somo moja lililo nje ya fani yetu. Nikachagua tendi na visasili vya India kwa sababu saa zake hazikugongana na vipindi vyangu vya hesabu. Sikujua naingia wapi. Sasa nalala nikiwaza Mahabharata, utendi mkubwa wa Wahindi, naamka nikiiwaza, na nimechanganyikiwa kuliko siku niliyoanza.

Mwezi wa kumi, siku ya sikukuu ya Dasara, niliamka nikakuta cherehani ya Aji imevishwa shada la maua ya rangi ya chungwa. Mbele yake pamelazwa mkasi na futi ya kupimia, navyo vimepakwa poda nyekundu. Skuta ya mjukuu wake nayo ilikuwa na shada. Jioni Aji akanishika mkono, akaniwekea kiganjani jani moja la kijani, limegawanyika katikati kama kwato ya mbuzi, akasema, "Sona." Dhahabu. Nilidhani sijasikia vizuri.

Akanikalisha kibarazani akanisimulia habari za mwanafunzi wa zamani aliyehitimu, mwalimu wake akawa hataki malipo, naye akang'ang'ania kulipa. Mwalimu akakasirika, akamdai sarafu za dhahabu milioni 140, milioni 10 kwa kila elimu aliyomfundisha. Kijana akamwendea mfalme Raghu, babu wa mababu wa Rama, shujaa wa utendi wa Ramayana, akamkuta ameshagawa mali yake yote sadaka. Mfalme akaazimia kwenda kumpiga vita mungu wa utajiri ili kijana alipe deni lake, na usiku uleule dhahabu ikanyesha juu ya mti. Ndiyo maana watu wa hapa wanapeana majani ya mti huo. Mwalimu, mimi ambaye baba ananitumia ada kwa mafungumafungu, kisa kile kilinishika. Jani lile bado ninalo, nimelibana ndani ya daftari.

Tangu siku hiyo Aji ananisimulia kidogo kila jioni, mjukuu wake akinifasiria. Nami nikaenda Appa Balwant Chowk, mtaa wa maduka ya vitabu, nikanunua tafsiri ya Kiingereza ya Mahabharata, juzuu ya kwanza kati ya kumi. Nimesoma wiki tatu. Vita sijaviona, wala wale ndugu watano wanaosemwa ndio mashujaa wake sijawaona. Naona nyoka tu, na majina, na mtu anamsimulia mtu ambaye naye anamsimulia mwingine.

Aji alinisimulia kwamba Ganesha, yule mungu mwenye kichwa cha tembo, ndiye aliyeandika Mahabharata kwa kusomewa na mzee Vyasa, mtunzi wake, na kalamu ikawa ni pembe yake mwenyewe aliyoivunja. Nikakitaja kisa hicho darasani. Mhadhiri akasema hakimo katika matini ya Mahabharata iliyohaririwa na wataalamu. Niliporudi nyumbani sikuweza kumtazama Aji usoni. Nani mkweli?

Halafu nimemuudhi rafiki yangu. Tulikuwa tunakula mchana, yeye akieleza habari za Rama, mimi nikasema, "Lakini hizi si hadithi tu?" Akafunga kopo lake la chakula, akahamia meza nyingine. Siku ya tisa leo hatusemeshani.

Na kaka yangu, baada ya kuona picha ya lile shada niliyomtumia, kaniandikia: "Tumekupeleka kusoma biashara, sasa unasoma masanamu?" Sisi ni Waislamu, naswali, sijabadilika. Lakini maneno yake yananikosesha usingizi.

Mwisho wa muhula nina insha. Nianzie wapi?

Mwanafunzi, Pune

*

Mwanangu, marahaba.

Nianze na mwenzako. Kitabu kitakungoja juu ya meza, mtu aliyeumia hangoji hivyo.

Wewe ni Mswahili na ni mtoto wa madrasa, jambo hili utalishika upesi. Neno letu hadithi lina uzito wa aina mbili. Tunasema hadithi ya sungura na fisi, na tunasema Hadithi ya Mtume. Neno ni lilelile, na hakuna mtoto wa chuoni anayechanganya mizani yake. Sasa mgeni apite barazani kwenu Tanga, akute mwalimu anasoma Hadithi, aseme, "Kumbe ni hadithi tu." Hutabishana naye. Utakunja mkeka wako, uingie ndani. Mwenzako naye alikunja mkeka.

Wenyewe wana majina yao. Ramayana wanaiita kavya, ushairi, tena ushairi wa kwanza kuliko wote. Mahabharata wanaiita itihasa. Ukilivunja neno hilo la Kisanskriti unapata iti ha asa: ndivyo ilivyokuwa. Mpaka leo kwa Kihindi, itihas ndilo jina la somo la historia shuleni. Hulazimiki kuamini kwamba kila kitu kilitokea vile. Unachotakiwa ni kuanza na jina ambalo wenye kitu wamekipa kitu chao, kabla ya kuwaletea la kwako. Hata visasili, neno letu la darasani, litumie darasani. Mezani pa mtu anayekula, liweke kando.

Nenda ukamwombe radhi kwa sentensi moja, usijieleze. Kisha muulize nani alimsimulia habari za Rama kwa mara ya kwanza. Swali hilo nimelitumia miaka mingi kwa wanafunzi wangu na halijaniangusha. Huenda ni bibi. Huenda ni vitabu vya picha vya watoto. Huenda wazazi wake walikuwa miongoni mwa mamilioni waliokaa mbele ya televisheni Jumapili asubuhi kati ya 1987 na 1990, shirika la taifa la Doordarshan liliporusha Ramayana na baadaye Mahabharata. Kuna nyumba ambazo watu walioga, wakawasha ubani, wakaivisha televisheni shada la maua kabla ya kipindi kuanza. Umeona cherehani ya Aji, hilo halitakushangaza.

Na kwa kuwa tumeitaja cherehani, hebu nikuoneshe kitu ambacho Aji labda hajafika. Wale ndugu watano, Pandava, walipopoteza ufalme katika mchezo wa dadu, walihukumiwa kukaa porini miaka 12, na mwaka wa 13 waishi kwa kujificha. Wakitambuliwa, waanze upya. Mwaka huo wa mwisho ulipofika walizifunga pinde na panga zao, wakazipandisha juu ya mti unaoitwa shami nje ya mji wa mfalme Virata, na juu ya mti wakaning'iniza maiti ili harufu iwafukuze watu. Mwaka ukaisha wakaja kuziteremsha, na mapokeo yanasema siku waliyoziteremsha ndiyo hii Dasara. Basi siku hiyo kila mtu anaheshimu chombo chake. Dereva anavisha maua gari, fundi anavisha spana. Mkasi wa Aji ndio upinde wake. Wewe hukuwa umeanza kusoma Mahabharata dukani Appa Balwant Chowk. Ulikuwa umeshaisoma asubuhi ile sebuleni.

Sasa nani mkweli? Aji kasema kweli, na mhadhiri wako kasema kweli.

Una bahati hujui. Katika mji huohuo unaoishi, barabara ya Law College, ipo taasisi ya Bhandarkar iliyoanzishwa 1917. Mwaka 1919 wataalamu wake walianza kazi ya kukusanya miswada ya Mahabharata kutoka kila pembe ya India, iliyoandikwa kwa hati za kila namna, kuilinganisha ubeti kwa ubeti, na kutafuta matini ya zamani zaidi inayoweza kufikiwa. Miswada 1,259 ilipita mikononi mwao. Kazi ikakamilika 1966. Wapo walioianza wakafa haijaisha. Walipomaliza, ule utendi ambao kwa desturi husemwa una beti 100,000 ukabaki na beti 70,000 na ziada, katika vitabu 18.

Kisa cha Ganesha na kalamu hakikuungwa mkono na miswada ya kutosha, kwa hiyo wakakitoa katika matini kuu. Lakini sikiliza walikipeleka wapi. Hawakukitupa. Wakakichapa katika nyongeza, pamoja na maelfu ya beti nyingine za aina hiyo, kila moja na alama inayoonesha imetoka kwenye mswada upi. Watu waliotumia karibu miaka 50 kutafuta matini moja hawakuthubutu kuzitupa nyingine, nawe usithubutu. Mhadhiri anakwambia kilichomo katika miswada ya kale. Aji anakwambia Mahabharata anayoishi nayo, iliyomfikia kwa midomo ya watu. Ni maswali mawili tofauti, na yote mawili yana majibu.

Na wala usikiache kisa chenyewe kipite hivihivi. Ganesha alikubali kuandika kwa sharti kwamba Vyasa asisite hata mara moja. Vyasa akatoa sharti lake: usiandike neno kabla hujalielewa. Kila alipotaka kupumua, mzee alitunga ubeti mgumu, na mwandishi akasimama kufikiri. Mtu aliyetunga kisa hicho aliusoma utendi ule vizuri sana, akajua kwa nini kuna mahali unakwama.

Ndiyo njia ninayokupa, na sina nyingine iliyo bora zaidi: juu ya kila ukurasa wa daftari lako andika nani anasimulia, anamsimulia nani, na wapi. "Aji, ananisimulia mimi, kibarazani, jioni ya Dasara" ni chanzo halali. Kiandike.

Ukifanya hivyo, hata nyoka wako watakaa sawa. Unasema umesoma wiki tatu huoni ila nyoka. Hebu jiulize wamefuata nini pale. Mfalme Janamejaya, baba yake kaumwa na nyoka akafa. Kwa kisasi amewasha moto mkubwa wa kafara, na makuhani wanasoma maneno yanayowavuta nyoka wote wa dunia waje waangukie motoni, wenye hatia na wasio na hatia. Ni katika mapumziko ya kafara hiyo, moto ukiwaka, nyoka wakianguka, ndipo mwanafunzi wa Vyasa anaposimama kumsimulia mfalme jinsi babu zake walivyoangamizana kwa visasi. Janamejaya ni kitukuu cha Arjuna, mmoja wa wale ndugu watano. Anasimuliwa ukoo wake mwenyewe huku mkono wake umeshika kuni. Na anayekuja kuuzima moto ule ni kijana aitwaye Astika, ambaye baba yake ni mtawa na mama yake ni wa ukoo wa nyoka. Nyoka, mwanangu, ndio mlango. Wasomaji wengi huruka kurasa zile wakidhani zinawachelewesha, kisha wakifika vitani hawaelewi kwa nini ushindi unanuka majivu.

Hata hivyo sikushauri uendelee na juzuu zile kumi sasa hivi. Zifunge, zitakufaa baadaye. Tafuta kwanza simulizi fupi ya kitabu kimoja, ujue nani ni mtoto wa nani. C. Rajagopalachari, aliyekuwa Gavana Mkuu wa mwisho wa India, aliandika moja nyepesi ambayo wanafunzi wengi huko wameanzia. Kisha mtafute Iravati Karve. Huyu alikuwa mwanaanthropolojia wa Deccan College, hapohapo Pune, na kitabu chake Yuganta, insha za Kimarathi kuhusu watu wa Mahabharata mmojammoja, kilipata tuzo ya Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi, mwaka 1968. Kipo kwa Kiingereza pia. Anawatazama Gandhari, Kunti, Draupadi na Karna kama binadamu waliokuwa na chaguzi mbele yao, na hawaonei haya. Ukitoka kwa Karve hutasoma tena kwa woga.

Majina yasikutishe. Arjuna ataitwa Partha, kwa sababu mama yake Kunti jina lake jingine ni Pritha. Kwetu mtu huitwa Baba Fulani, Mama Fulani, jina la nyumbani na la chuoni, na hatupotei. Chora ukoo kwenye karatasi moja, ubandike ukutani.

Insha yako iandikie mahali pamoja tu. Ningekuwa wewe ningekwenda kwenye ule mchezo wa dadu, kitabu cha pili. Yudhishthira, kaka mkubwa, mtu ambaye hajulikani kusema uongo, anacheza dhidi ya upande wa binamu zake, Kaurava, na kupoteza. Anapoteza mali. Anapoteza ufalme. Anaweka rehani wadogo zake mmoja baada ya mwingine, anawapoteza. Anajiweka mwenyewe, anapotea. Halafu anaambiwa bado hajamweka mke, naye anamweka Draupadi, mke wao wote watano, anampoteza.

Anatumwa mtumishi kumwita. Draupadi yuko chumbani, kwenye siku zake, amevaa nguo moja. Angeweza kulia. Anamrudisha yule mtumishi na swali: nenda ukamuulize huyo mcheza dadu, alijipoteza yeye kwanza au alinipoteza mimi? Utazame uzito wa swali hilo kama wakili. Mtu akishakuwa mtumwa hamiliki kitu. Sasa kama alijipoteza kwanza, kwa haki gani alimweka rehani mtu mwingine? Barazani wamekaa wazee wote wa ukoo. Wamekaa walimu waliofundisha haki. Hakuna anayejibu. Dushasana, mmoja wa Kaurava, anakwenda kumburuta kwa nywele zake mpaka mbele yao, naye anauliza tena, uso kwa uso. Bhishma, mzee wa ukoo, anasema mambo ya dharma, yaani haki na wajibu, ni membamba mno, hawezi kulitatua swali lake. Katika wale Kaurava mia moja, mmoja tu, Vikarna, anasimama kusema kwamba mwanamke huyu hajashindwa kihalali, na Karna, rafiki wa Kaurava, anamkemea mpaka anakaa.

Nimelifundisha swali lile kwa miaka, na bado kila nikifika hapo nakasirika upya. Wanataka kumvua nguo mbele ya baraza, nguo haiishi. Katika masimulizi mengi, bila shaka na ya Aji, anamwita mungu Krishna naye ndiye anayemsitiri. Katika matini iliyohaririwa Pune, dua hiyo imewekwa tanbihini, na nguo inaendelea kutoka pasipo dua kutangulia. Soma zote mbili, uone swali linavyobadilika. Na soma mpaka mwisho: mfalme kipofu, baba wa Kaurava, anapoogopa na kumpa Draupadi nafasi ya kuomba atakacho, anaomba kwanza uhuru wa Yudhishthira, ili mwanawe asije akaitwa mtoto wa mtumwa. Anaomba uhuru wa wale wanne. Anaambiwa aombe la tatu. Anakataa. Waume zake wakiwa huru, yaliyobaki watayatafuta wenyewe. Katika ukumbi ule uliojaa wafalme, ni yeye peke yake aliyekuwa na kitu cha kukataa.

Ukipata muda, fika kwa Karna pia, na ukifika kaa naye. Kazaliwa na kinga mwilini, vazi la vita ambalo silaha haipenyi. Baba yake, Jua, anamwonya kwamba Indra, mfalme wa miungu, atakuja kwa sura ya ombaomba kuiomba kinga ile ili auawe. Indra anakuja. Karna anajua ni nani. Anaikata kinga mwilini mwake, anampa. Sasa mkumbuke Fumo Liyongo wetu, mtoto wake alipomuuliza kitu gani kinaweza kumuua. Katika utendi, Liyongo anatambua kwamba kijana katumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Sisemi mmoja katoka kwa mwingine, sina ushahidi huo. Nasema wewe umekua na Liyongo, basi una macho ya kumwonea Karna ambayo wenzako wa darasani hawana. Yatumie.

Ila jihadhari na kitu kimoja: usimchukue mwenzako mmoja ukamfanya India nzima. Darasani mwako huenda yupo ambaye mababu zake walinyimwa elimu kwa sababu ya tabaka walilozaliwa. Kwa huyo, kisa cha Ekalavya, kijana wa msituni aliyejifunza upinde peke yake na mwalimu Drona akamdai kidole gumba cha mkono wa kulia kuwa ada, si kisa cha utiifu hata kidogo. Msikilize na yeye. Tena utaona kinavyogongana na lile jani lako: ada ya mwalimu kule ilinyesha dhahabu, huku ilikatwa mwilini.

Ramayana iache ije polepole. Ina vitabu 7 na beti kama 24,000 katika matini ya Valmiki, mtunzi wake wa kale, lakini mamilioni ya watu wa kaskazini wanaijua zaidi kwa utunzi wa Tulsidas, aliouanza 1574 kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida, na Watamili wana ya Kamban. Anza na mwanzo wake tu. Valmiki anaona mwindaji anamchoma mshale ndege aliyekuwa na mwenziwe, jike analia, na laana inayomtoka mzee kinywani inatoka ikiwa na mizani na mapigo yake, ubeti kamili. Kutokana na shoka, huzuni, ikazaliwa shloka, ubeti.

Hapa niruhusu nikuoneshe jambo ambalo limenifurahisha maisha yangu yote. Shloka ina vipande vinne, kila kimoja mizani 8. Jumla 32. Sasa hesabu ubeti wowote wa utenzi wetu wa kawaida: vipande vinne, mizani nane nane. Jumla 32. Vina wao hawana, sisi tunavyo, na sitaki kujenga nasaba juu ya hesabu hiyo. Lakini Aji akiwa anasoma Gita, sehemu ya Mahabharata yenyewe, asubuhi, na sehemu kubwa ya beti zake 700 ni shloka, kaa mlangoni upige kidole pajani. Kidole chako kinaijua njia.

Kaka yako namwelewa, ana hofu ya mtu anayekupenda akiwa mbali. Usigombane naye. Mwambie habari za Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu, aliyejifunza Kisanskriti na mnamo 1030 akaandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa juu ya India, akisema wazi kwamba atayaeleza ya Wahindi kama wao wenyewe wanavyoyasema. Mahabharata ameitaja humo, na idadi ya vitabu vyake 18. Karne tano na nusu baadaye, mfalme Akbar wa India aliamuru ifasiriwe kwa Kiajemi, na wanazuoni wa Kiislamu wakakaa na makuhani wa Kibrahmani kuifanya kazi hiyo. Mmoja wao, Badauni, alikuwa mtu wa dini kwelikweli na hakuipenda kazi ile, kaandika manung'uniko yake. Kaifanya, na kabaki Mwislamu.

Mimi si shehe. Ninachojua ni kwamba kusikiliza si kuabudu. Aji akikupa taa uizungushe mbele ya sanamu, hiyo ni ibada, nawe una yako, mwambie, "Aji, mimi nitakaa hapa nikutazame." Mama aliyekupangisha chumba akijua unaswali hatavunjika moyo kwa hilo. Chakula kilichotolewa mbele ya miungu yao nacho ukiona dhamiri yako haikiendei, kikatae kwa mikono miwili na kwa shukrani.

Na jambo la mwisho. Miezi yote hii Aji anatoa, wewe unapokea. Msimulie na wewe. Bila shaka bibi yako alikusimulia kima aliyefanya urafiki na papa, akabebwa mgongoni mpaka katikati ya bahari, ndipo papa akamwambia sultani wake anataka moyo wa kima, na kima akasema, "Lo, moyo nimeuacha nyumbani juu ya mti, turudi." Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alikiandika kisa hicho Zanzibar, kikachapwa 1870, na ndani yake kimo kile cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Visa vyote viwili vimo katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti kilichofasiriwa Kipahlavi, Kiajemi cha zamani, karne ya 6, kisha Kiarabu karne ya 8 kwa jina la Kalila na Dimna, kikazagaa dunia nzima. Njiani mamba akawa papa. Mti pia ulibadilika: kwetu kima anakaa juu ya mkuyu, na katika Panchatantra anakaa juu ya mjambu, ndugu wa zambarau zetu, anamrushia mamba matunda matamu.

Msimulie jioni, mjukuu akifasiri, na usimwambie mapema kimetoka wapi. Ukifika pale kima anaposema moyo ameuacha mtini, nyamaza kidogo umtazame Aji usoni. Kisha niandikie alisema ni mti gani.